Zuhura, gari lingoje kwanza

Kisauni, Mombasa

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mama sasa anatembea mpaka dukani peke yake. Naandika mbio kwa sababu Mwanaisha kanipigia jana akaniambia umechukua fomu ya mkopo wa gari pale sacco. Kama hujatia sahihi, ngoja kwanza nikueleze yaliyonifika.

Si unajua nilivyokuwa naitaka ile nyumba ya Bombolulu. Benki yule kijana wa mikopo akaichukua hati yangu ya mshahara, akatoa kodi, NSSF ya uzeeni, SHIF ya matibabu na tozo ya nyumba, kisha kalamu yake ikasimama kwenye mstari mmoja: sacco, 14,500. Akauzungushia duara mara mbili. Ule ndio mkopo wa karo ya Said, na umebaki 160,000 tu. Nikamwambia karibu unaisha. Akanijibu yeye haangalii deni limebaki kiasi gani, anaangalia mshahara unakatwa ngapi kila mwezi, maana sheria hairuhusu makato yote yapite theluthi mbili.

Nafasi iliyobaki ikawa 28,000 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 14 na miaka 15 (nina 45 sasa, na hawataki deni livuke 60), hiyo ni mkopo wa nyumba wa milioni 2.1. Basi.

Nikamwuliza, je, ile 14,500 isingekuwepo? Akabonyeza kikokotoo: karibu milioni 3.2. Zuhura, kideni cha 160,000 kimenilia zaidi ya milioni nzima! Usiku ule sikulala.

Pesa za mahamri ninayouza hakuzihesabu hata shilingi, kwa vile wateja hulipa taslimu na sijawahi kuzipitisha kwenye akaunti. Mwenye nyumba naye anataka milioni 3.5, mthamini kasema 3.2, na benki hufuata ile ndogo. Ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mjini, watoka mfukoni mwako. Hayo nitakueleza ukija.

Turudi kwenye gari. Mwanaisha anasema utakatwa 22,000 kila mwezi. Wewe una miaka 38, benki itakupa hata miaka 20. Kwa riba ileile, hiyo 22,000 ni milioni 1.7 na ushei ya nyumba. Gari litachakaa, na wakati huo bado unamlipa kodi yule mzee wa Mtwapa! Mimi nimeamua: zamu yangu ya chama ni mwezi wa tisa, pesa zote zinaenda kumaliza ya sacco, kisha naanza upya. Safari hii nitauliza kwanza kwenye zile sacco na benki zinazopata fedha kutoka KMRC, ile kampuni inayozikopesha fedha za mikopo ya nyumba, maana kwao riba huwa chini ya asilimia 10. Kwa 28,000 ileile, tofauti yake ni zaidi ya laki tano.

Sasa nijibu. Umeshatia sahihi au bado? Ule mkopo wa simu wa mwaka juzi uliumaliza, au jina lako bado liko CRB, kwenye orodha ya wasiolipa madeni? Omar yuko tayari mkope pamoja, mishahara yenu ihesabiwe yote miwili? Na hati zako za mshahara za miezi mitatu unazo? Nipigie hata usiku.

Wako,
Mwanajuma