Barua kwa mwanangu: hayo maji ya mchicha

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako na za mkwe wangu tumezipata. Habari ya kliniki kanieleza mama yako. Damu 9, na mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Vidonge walivyokupa umeze hata kama vinakuchafua tumbo. Mimi langu ni mboga.

Mdogo wako katusimulia unavyopika mchicha. Unakata kwanza ndiyo unaosha, unachemsha kwenye maji tele na magadi, unakamua, maji unamwaga, ndipo unaunga. Anakusifia usafi. Sawa, lakini yale maji ya kijani yamebeba vitamini C na foleti, na foleti ndiyo anayoihitaji huyo mtoto. Madini ya chuma hayaungui, yanabaki kwenye jani, ila bila vitamini C mwili unayapokea kidogo mno. Na magadi yanaimaliza hata ile iliyosalimika na moto.

Usiniambie magadi uliyaona kwangu. Kule shuleni sufuria lilikuwa la wanafunzi 400, kuni mbichi, na mwalimu wa zamu kasimama mlangoni anatazama saa. Wewe una jiko la gesi na mnakula wawili.

Osha majani yakiwa mazima, kisha kata. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha na unyevu wake uleule, funika dakika chache, epua ungali kijani. Mafuta usiyabanie, au weka tui, maana vitamini A ya mboga haipokelewi vizuri bila mafuta. Limau likamuliwe mezani. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya kula, inazuia chuma kupokelewa. Wewe na chai nawajua.

Kisamvu usikifanyie hivyo. Kibichi kina sumu, hicho kitwangwe hasa na kichemke muda mrefu. Nakujua kwa kusoma nusunusu.

Nasikia hesabu za ofisi nzima unazifunga wewe. Msikitini nimeshawachosha watu kwa kulisema. Sasa mtu wa hesabu ananunuaje mchicha kwa hela yake, halafu faida anaimwaga kwenye sinki? Usimwage, mama. Na kama lazima uchemshe, maji yawe kidogo, uyarudishe kwenye mchuzi.

Mama yako alitaka kukufungia matembele kwenye basi, nimemkatalia. Yatafika Dodoma yamenyauka na vitamini C imeshapungua njiani. Nunua ya asubuhi huko huko. Kasema basi atayakausha. Nimemwambia ayaanike kivulini, jua kali linaua vitamini A. Kanuna, tangu juzi ananijibu kwa mkato.

Bati la jikoni linavuja upande wa mafiga na vuli imekaribia. Mwambie mumeo anitumie namba ya yule fundi wa Muheza, wa hapa kachukua kianzio na simu hapokei.

Baba yako