Zuhura, usiyachome madaftari

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mama anauliza lini utakuja kula pweza wake. Nisingekuandikia usiku huu huu kama Mwanaidi asingeniambia kwamba umeyatia madaftari yako yote guniani na unataka kuyachoma, eti kwa kuwa wachapishaji wale wamekujibu kwamba hadithi za majini na miji iliyozama hazina soko. Zuhura! Usiguse kiberiti kabla hujamaliza kuisoma barua hii.

Unamkumbuka Tolkien, yule mwandishi Mwingereza tuliyemsoma kwa zamu katika ile nakala isiyo na jalada? Siku hizi nazisoma barua zake, na kila ukurasa nakuona wewe. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Baba alifariki yeye akiwa na miaka 4. Mama akafa kwa kisukari, mtoto ana miaka 12. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia: walikuwa marafiki wanne tangu shuleni, na mwaka 1916 wawili waliuawa Ufaransa. Mmoja wao, Geoffrey Smith, alikuwa amemwandikia kumwombea aje ayaseme yale ambayo yeye Smith huenda asipate uhai wa kuyasema. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwanza.

Lakini ninayetaka umjue ni Lewis, rafiki yake. The Lord of the Rings, ile hadithi ndefu ya Tolkien, ilianza kuandikwa Desemba 1937, na juzuu la kwanza likatoka 1954. Hesabu mwenyewe. Katikati Tolkien alikwama mara nyingi. Karatasi zilikuwa adimu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akawa anaandika nyuma ya karatasi za mitihani ya wanafunzi. Na kupiga chapa alipiga mwenyewe, kwani hakuwa na pesa za kumlipa mpiga chapa. Mwanzoni mwa 1944 kazi ilikuwa imelala kabisa. C. S. Lewis, mwalimu mwenzake pale Oxford, akamshikilia mpaka akaishika tena kalamu. Alhamisi jioni wao na marafiki zao walikusanyika chumbani kwa Lewis, chuo cha Magdalen, mtu anasoma kwa sauti wenzake wanasikiliza na kukosoa. Sura zilizokamilika Tolkien alimpelekea mwanawe Christopher, ambaye wakati huo alikuwa Afrika Kusini akijifunza urubani.

Miaka mingi baadaye aliandika kwamba deni lake kwa Lewis halilipiki. Si kwamba Lewis alimfundisha kuandika. Alimtia moyo tu, na kwa muda mrefu alikuwa ndiye msikilizaji wake wa pekee. Bila yeye, anasema, asingekimaliza kitabu kile. Wala hawakukubaliana kwa kila jambo: hadithi za Narnia za huyo Lewis, Tolkien hakuzipenda. Nami sura yako ya tatu, ile ya sultani na kasa, sijaipenda na nitakwambia tena. Ila ile ya binti mvuvi kusikia adhana ikitoka chini ya maji, hiyo sijaisahau hata siku moja. Ndiyo unataka kuipa moto?

Nilitaka nikueleze na habari ya Edith mkewe, jinsi padri aliyemlea Tolkien alivyowazuia hata kuandikiana mpaka kijana atimize miaka 21... basi, tutaongea.

Ninachoomba ni hiki. Mwanaidi anakuja huku Ijumaa. Mpe gunia zima, nitalitunza mimi. Na kila Alhamisi baada ya isha nipigie simu unisomee, hata ukurasa mmoja.

Umeandika chochote tangu Ramadhani? Binti mvuvi ameruhusiwa kupanda juu, au bado wamemshikilia kule chini? Nani mwingine umemsomea? Mguu wa mjomba umepona? Na Alhamisi hii utapiga wewe, au nikupigie mimi?

Wako,
Saumu