Kesi ya mauaji si mechi ya watani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo lililonikaa moyoni kwa muda mrefu. Kila inapotoka habari kwamba mwanamichezo mashuhuri anatuhumiwa kuua, iwe ni Afrika Kusini, Marekani au huku kwetu Afrika Mashariki, vijiwe vya Mwanza hugawanyika siku hiyo hiyo. Kirumba, Mlango Mmoja, Igoma, kwenye meza za magazeti na kwa bodaboda wanaosubiri abiria, watu huchukua upande kama wafanyavyo Simba na Yanga zinapokutana. Hawa wanasema kasingiziwa, wanamwonea wivu kwa hela zake. Wale wanasema anyongwe tu, kesi ya nini? Hakuna hata mmoja aliyemsikia shahidi.

Nasema haya nikiwa mtu niliyewahi kukaa mzee wa baraza hapa Mwanza, enzi ambazo sheria ilimtaka jaji wa Mahakama Kuu asikilize kesi za mauaji akisaidiwa na wananchi wa kawaida. Tulichotoa mwishoni kilikuwa maoni tu, na jaji hakufungwa nayo. Lakini tulikaa pale tukasikia kila neno, na nikaona maneno ya mtaani yanavyoweza kuiua kesi kabla haijafika mbele ya jaji.

Namkumbuka shahidi mmoja, kijana mvuvi, aliyeletwa na upande wa mashtaka. Alianza vizuri, akaeleza alikotoka usiku ule, akataja karabai iliyokuwa inawaka mtumbwini na sauti ya ugomvi. Wakili wa utetezi akamuuliza, "Ulimwona kwa macho yako akimpiga?" Kijana akajibu, "Kila mtu pale mwaloni anajua ni yeye." Wakili akarudia swali lile lile, taratibu. Kijana akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Nilisikia." Mama wa marehemu alikuwa benchi la nyuma. Akamuuliza jirani yake kwa sauti ambayo wote tuliipata: "Si alisema alimwona?"

Yule kijana hakuwa mwongo, nitamtetea hadi leo. Tangu usiku ule alikuwa ameisikia hadithi ya kifo kile asubuhi na jioni, kila msimuliaji akiongeza chake, mpaka akashindwa kutenga alichokiona na alichosimuliwa. Na mshtakiwa wa kesi ile hakuwa mtu maarufu. Hakupata hata mistari mitatu gazetini. Sasa chukua shahidi wa kesi ya mchezaji ambaye picha yake imebandikwa kila kibanda cha kinyozi, ambaye redio zinamjadili tangu saa kumi na mbili asubuhi. Atakapoapa mbele ya jaji, mwaka mmoja au mitatu baadaye, atakuwa na kumbukumbu gani iliyo yake mwenyewe?

Tuitazame kesi ya Oscar Pistorius, mkimbiaji wa Afrika Kusini, kwa sababu huku nayo ilijadiliwa sana. Agosti 2012 alikimbia Olimpiki ya London kwa miguu ya bandia, mtu wa kwanza aliyekatwa miguu yote miwili kushindana kwenye riadha ya Olimpiki, na dunia nzima ikampenda. Februari 14, 2013, nyumbani kwake Pretoria, alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa na kumuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Akasema alidhani ni mwizi. Papo hapo kila mtu akawa na hukumu yake. Kesi ilipoanza, Machi 2014, mwanzoni kabisa Jaji Thokozile Masipa alilazimika kuvikemea vyombo vya habari, kwa sababu kituo kimoja cha televisheni kilionyesha picha ya shahidi ambaye hakutaka sura yake ionekane. Mama yule alikuwa jirani tu, aliyesikia kelele za mwanamke na milio ya risasi usiku. Ukiwa nawe umesikia kitu usiku, ukaona alivyofanyiwa mwenzako, utajitokeza?

Angalia pia safari ya hukumu yenyewe. Septemba 2014 Jaji Masipa alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na Oktoba akampa miaka 5. Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, haya ni mauaji. Mwaka 2016 akapewa miaka 6, na Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikaipandisha kuwa miaka 13 na miezi 5. Huku vijiweni tulibishana kwa miezi kama alijua kwamba aliyekuwa chooni ni Reeva. Majaji wa rufaa walilitazama jambo lingine kabisa: mtu anayefyatua risasi nne kwenye chumba kidogo namna ile lazima alijua kwamba yeyote aliye nyuma ya mlango anaweza kufa, awe mwizi au mpenzi wake. Swali hilo sikulisikia kijiweni hata mara moja. Majaji wenye ushahidi wote mezani walichukua miaka kulifikia, tena kwa kusahihishana, na sisi tulikuwa tumemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Na Reeva? Vichwa vingi vya habari vilimwita mpenzi wa Pistorius, basi. Alikuwa na miaka 29, alisomea sheria, na siku ile ile aliyokufa alikuwa aende shule moja ya Johannesburg kuzungumza na wanafunzi juu ya ukatili dhidi ya wanawake. Miaka yote ya kubishana, sikumsikia mtu mmoja wa Kirumba akilitaja hilo. Mwanamke mmoja tu, muuza dagaa pale mwaloni, aliyekuwa akipepeta dagaa wake huku wanaume wakirushiana maneno kando yake, aliuliza, "Huyo binti alikuwa na mama?" Hakujibiwa. Alikuwa na mama na baba pia, na wote wawili walikwenda mahakamani.

Kule Marekani, Juni 17, 1994, polisi walipokuwa wakilifuata gari lililombeba O. J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, kwenye barabara kuu za Los Angeles, watu walitoka wakajipanga kwenye madaraja wakimpungia na kumshangilia kama anakimbia na mpira. Siku tano tu zilikuwa zimepita tangu mtalaka wake, Nicole Brown, na kijana Ron Goldman wauawe kwa kisu, watoto wa Nicole wakiwa wamelala ndani. Goldman alikuwa mhudumu wa mgahawa, ana miaka 25. Alikwenda pale kurudisha miwani ambayo mama yake Nicole aliiacha kwenye mgahawa huo jioni ile. Simpson aliachiwa huru Oktoba 1995, na baadaye mahakama ya madai ikamwona anawajibika kwa vifo vile. Wapo waliomshangilia na wapo waliomlaani mpaka alipofariki mwaka 2024. Aliyekwenda kurudisha miwani wangapi wanamkumbuka?

Tusidhani ni ya huko mbali tu. Alipofariki mwigizaji Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, Aprili 2012, msichana aliyekuwa naye usiku ule alishtakiwa kwanza kwa mauaji. Kwa maneno ya mitaani alikuwa ameshanyongwa mara elfu. Baadaye shtaka likawa kuua bila kukusudia, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kosa hilo, miaka miwili jela. Kati ya kosa la kwanza na la pili kuna tofauti ya kitanzi na kifungo cha jela. Waliomhukumu mwaka 2012 sikusikia hata mmoja akirudi kusema lolote.

Sehemu ya makosa yetu inatokana na kutoelewa utaratibu, na hapa gazeti lako linaweza kutusaidia sana. Mshtakiwa wa mauaji akifikishwa kwa hakimu kwa mara ya kwanza, tunasoma kwamba "hakutakiwa kujibu lolote". Kijiweni wanasema: umeona, kanyamaza, kakubali! Kumbe hakimu yule hana mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, ndiyo maana anamzuia asijibu. Atajibu Mahakama Kuu. Akinyimwa dhamana, wanasema wana uhakika naye. Kumbe kwa sheria yetu kosa la mauaji halina dhamana kwa mtu yeyote, awe mchezaji wa timu ya taifa au mchoma mkaa wa Sengerema. Pistorius alipata dhamana kwa sababu sheria za kwao ni nyingine. Kisha kesi inatajwa, inaahirishwa, upelelezi haujakamilika, inatajwa tena. Hapo wanasema kahonga. Nakubali kwamba ucheleweshaji ni tatizo kubwa. Wapo mahabusu wa Butimba wanaokaa miaka bila kujua mwisho wao, na hilo linastahili barua yake. Lakini kuahirishwa peke yake hakutuambii kama mtu aliua au hakuua.

Watetezi wa wachezaji huniambia, "Mzee, yule namjua, hawezi." Wanamjua kwa mabao. Wanajua mguu anaoupenda na goli analolishangilia kwa kupiga magoti. Akifunga mlango wa nyumba yake usiku, anakuwaje na mkewe? Hilo hatulijui, na jukwaa la uwanja wa Kirumba halionyeshi. Wanaotaka anyongwe kabla ya kesi nao nawaambia vivyo hivyo: fedha na gari lake la kifahari si ushahidi, wala ule ugomvi wake na mwamuzi.

Wengine hujitetea kwa methali, wanasema lisemwalo lipo. Sisi wa Kanda ya Ziwa ndio watu wa mwisho tunaopaswa kuitumia kwenye jambo la damu. Huku Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ilisemwa ni wachawi, na kilichowaponza ni macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka yote waliyotupikia. Hapa mjini vijana wamechomwa kwa matairi kwa sababu mtu mmoja alipaza sauti, "Mwizi!" Lilisemwa, na halikuwepo. Ninapomsikia mtu akisema juu ya mshtakiwa yeyote kwamba asipelekwe mahakamani, aachiwe wananchi, ni hao bibi zetu ninaowaona.

Mhariri, naomba waandishi wako wafanye mambo machache. Mkiandika habari ya mwanamichezo aliyeshtakiwa, andikeni jina la marehemu kwenye aya ya kwanza, na mtuambie alikuwa nani. Picha za mwili msizitumie, hata kama zimeshasambaa kwenye simu. Mama yake ana simu pia. Msiwahoji mashahidi kabla hawajatoa ushahidi, wala msitaje mtaa anakoishi mtu aliyesema alisikia kelele. Pale hakimu anapomwambia mshtakiwa asijibu, ongezeni sentensi moja inayoeleza kwa nini. Na siku ya hukumu, hata ikiwa imepita miaka mitano na mchezaji mwenyewe ameshasahaulika, mtumeni mwandishi Mahakama Kuu akae hadi jaji amalize kusoma, kisha habari hiyo muiweke ukurasa ule ule mliouweka siku alipokamatwa.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Nyakato, Mwanza