Daftari la Madeni: Wito kwa Wote Waliosoma Shule Yetu ya Katuba, Lubumbashi

Baba zetu, mama zetu, wandugu mlioko Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na ninyi mliovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia,

Mwezi uliopita prefe wetu wa zamani, yaani mkuu wa shule, aliniita nyumbani kwake. Amezeeka, macho yanamsumbua, lakini ulimi ni uleule. Alinikabidhi daftari lenye jalada jeusi akasema: "Wewe ni mhasibu. Tazama kama mahesabu yangu yalikuwa sawa."

Hayakuwa sawa hata kidogo. Kila ukurasa una majina ya watoto, mbele ya jina deni la minervali, yaani karo ya shule, na mbele ya deni maneno ambayo mkaguzi yeyote angeyakataa: "mama ataleta mahindi akivuna", "baba ametengeneza paa", "asubiriwe, ana akili". Kwenye ukurasa wa 2004 nikakuta jina langu. Mbele yake: "mashati 14".

Kwa vijana wasioikumbuka miaka ile: kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Baba yangu hakuwa mmoja wao. Alikuwa fundi cherehani katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Lakini nani atashonesha suti wakati mtaa mzima hauna mshahara? Kwetu bukari (ugali) ikawa mara moja kwa siku, na mboga ni lengalenga (mchicha) alizolima mama kando ya mto. Shati langu jeupe lilikuwa moja tu. Lilifuliwa usiku, asubuhi likapigwa pasi ya makala (mkaa), na siku za mvua nililivaa lingali na maji. Minervali ya muhula wa pili haikupatikana, nikarudishwa nyumbani. Baba akanishika mkono tukaenda wote kwa prefe. Yeye hakuuliza pesa iko wapi. Aliuliza kama cherehani bado inashona.

Nayasema haya kwa sababu nimechoka na hotuba zetu. Kila sherehe, mtu anasimama na glasi mkononi kutueleza alivyotoka chini akapanda peke yake kwa jasho lake. Hata mimi niliwahi kuisema, kwenye harusi moja, na makofi nikapigiwa. Jasho lilikuwepo, silikani. Ila jasho langu lisingenifikisha mahali kama mzee yule asingeniacha niketi kwenye benchi huku nikidaiwa. Na yale mashati 14 yalivaliwa na wenzetu wasiokuwa na sare, ambao hawakujua yametoka wapi. Nimelisoma daftari lote. Kuna muuguzi humo, kuna walimu wawili, dereva wa malori ya Kolwezi, hata padri mmoja. Mnajijua, na siwataji.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni bure. Sekondari siyo, mzazi bado analipa. Mwaka huu darasa la mwisho la sekondari lina wanafunzi 23 wenye madeni, na asiyemaliza deni anaweza kukosa kuandikishwa kwenye Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Bila Exetat hakuna diploma ya serikali, na bila diploma mlango wa chuo kikuu umefungwa. Wazazi wao si wavivu: wanauza makala, wanasukuma mikokoteni, wengine wanaingia kwenye mashimo ya shaba na hawajui kama watatoka na kitu.

Deni lote ni dola 2,760, yaani 120 kwa kila mtoto. Kamati imekwisha kukusanya 640. Tunatafuta 2,120 kabla ya mwisho wa Februari. Unayeweza kumbeba mtoto mmoja, mbebe. Msioweza, unganeni watatu au wanne kama mnavyofanya kwenye likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Franka 5,000 nayo tunaipokea na kuiandika. Mfuko wa unga pia unapokelewa. Tutauuza na bei itasomwa hadharani. Dola zilizochanika tafadhali zibaki kwenu, mnajua wenyewe hazitembei sokoni.

Mchango unapokelewa na mama mweka hazina wa kamati, kila Jumapili baada ya misa ya pili, mbele ya ofisi ya shule. Mlio mbali mtumie kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Namba mtazipata kwake au kwa mwakilishi wa mwaka wenu. Kila mwisho wa mwezi hesabu itabandikwa mlangoni, na safari hii mahesabu yatakuwa sawa, nawaahidi. Majina ya watoto hayatabandikwa.

Mzazi asiye na pesa kabisa ataulizwa anajua kazi gani, kama zamani. Paa la darasa la tatu linavuja na uwanja umejaa majani.

Baba yangu ana miaka 71 na cherehani yake bado ipo. Amesema atashona mashati 23, kitambaa tutafute sisi. Vipimo vitachukuliwa Jumamosi saa tatu asubuhi.

Mwenyekiti, Kamati ya Wanafunzi wa Zamani