Zamu yangu chukua, ila kuhusu meno tuongee kwanza

Usa River, Jumatano usiku

Penina wangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo. Mama anakusalimia, mguu bado unamsumbua na habari ya fimbo hataki hata kuisikia. Mvua imegoma. Umbea utasubiri, maana ujumbe wako niliusoma kwenye daladala nikapitilizwa kituo, na tangu hapo kichwa hakijatulia. Eti unaomba zamu yangu ya mchezo, ili daktari akubandike vinia, vile vigamba vya kauri vya mbele ya jino, kwenye meno kumi kwa milioni nne, kuficha ule ukahawia.

Kwanza hilo la mchezo wetu wa kupeana hela kwa zamu. Zamu yangu ya mwezi ujao chukua. Nimeshaongea na Mama Neema, ameguna kama kawaida yake, akaandika. Hela ikishaingia kwenye simu yako ni yako, sitauliza umeifanyia nini. Ndiyo maana nauliza kabla haijaingia. Ukitaka kukasirika, kasirika sasa hivi tumalizane, kuliko uninunie siku ya sendofu mbele ya kamera.

Sikuambii ujikubali ulivyo. Hayo mahubiri nimeyasikia, na wengi wanaoyahubiri meno yao meupe. Mimi nimekaa na wewe dawati moja. Najua ukicheka mkono unatangulia mdomoni, hata tukiwa wawili tu jikoni tunamenya ndizi. Najua ile kazi ya mapokezi, walivyokuchangamkia kwenye simu, halafu wakapoa ulipofika ukafungua mdomo. Na hao wenzako wa Dar wanaokuuliza unavuta sigara gani, wewe ambaye hata moshi wa kuni unakukohoza! Kitu kitakachouondoa huo mkono mdomoni siwezi kukiita anasa.

Halafu hatukujitakia. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yanabeba madini ya floridi, na jino linaharibika likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi, mtoto hajui hata kusoma. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu kwa miaka mingi waliruhusu kupita hapo, maana wangeshika hiyo 1.5 watu wangekunywa nini? Mama masikini alikuwa anachemsha kila jioni akidhani anatuokoa, kumbe kuchemsha hakuondoi floridi, maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Juu yake tukatia magadi kwenye makande. Pale Ngurdoto wanachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na watoto wa dada siku hizi ndoo yao ya kunywa ni ya maji yaliyochujwa. Sisi yetu yalishapita.

Sasa hizo vinia. Umeandika "anapunguza jino kidogo tu". Kidogo kiasi gani, Penina? Ulimuuliza? Vinia ya kweli kwa kawaida inataka chini ya milimita moja ikwanguliwe mbele, kwenye enameli, ule ugumu wa juu. Inaonekana ni kidogo, lakini enameli ikishaondoka haioti tena. Na wapo wanaokuambia vinia, ukishakaa kwenye kiti na ganzi imeingia wanakuwekea kofia. Kofia ni habari nyingine, jino linachongwa pande zote likafunikwa lote.

Unamkumbuka mke wa Fredi alivyorudi na tabasamu la runinga? Juzi juzi sokoni Tengeru alikuwa anakula hindi la kuchoma, kofia moja ikang'oka. Alinivuta nyuma ya vibanda akanionyesha. Kofia ilikuwa kwenye karatasi ya chooni, nyeupe pee, na mdomoni pamebaki kijino kimechongwa kama ncha ya penseli, rangi ya njano, hata upepo ukipita anashtuka. Kumi na mbili amefanyiwa hivyo, na mengi yalikuwa mazima, shida yake ilikuwa rangi tu. Jingine ufizi umevimba, ameambiwa mzizi umekufa ndani. Alicheka lakini macho yalikuwa yanamlenga machozi, nami nikaacha utani niliokuwa nao.

Ndiyo maana hiyo milioni nne hainitishi sana. Ni hela nyingi, ndiyo, nusu ya mchezo na nusu mkopo wa kazini, utabana mwaka mzima ule ugali na dagaa, na bima haigusi mambo ya urembo. Lakini italipwa. Mimi nahesabu ya mbele. Vinia nzuri ya kauri, ikitunzwa, inakaa miaka 10 hadi 15. Wewe una 29. Kabla ya 45 unarudi kwenye kiti, labda ndio ada za watoto zimepamba moto. Ukikaribia 60 unarudi tena. Na huwezi kusema basi, nimechoka, narudia meno yangu ya zamani, kwa sababu yalishakwanguliwa. Daktari wako amekutajia bei ya mara ya kwanza tu.

Elisante yeye walimfanyia tofauti, mwambie akutumie picha, asijifanye ana aibu. Walimfunika ufizi kwa kimpira, wakasugua kila jino kwa asidi na unga laini, ikaondoka tabaka jembamba sana. Halafu akapewa dawa ya kung'arisha ya kuvaa usiku. Ile kahawia ilipungua mno. Ukimsogelea utaona mabaka meupe bado yapo, na wiki ya kwanza hata maji ya mtungi yalimuuma. Lakini binti wa watu kakubali, sasa tunashonea sare.

Yako ni mabaya kuliko ya Elisante, sikudanganyi. Yale mawili ya mbele yana vishimo, kusugua peke yake hakutatosha. Vishimo wanaziba kwa ile rezini nyeupe ya kujazia. Nayo ina kasoro zake, inashika rangi ya chai, haidumu kama kauri, na wewe na chai yako hiyo! Ila ikimeguka inarekebishwa bila kuchonga upya. Na uliza jambo moja: gundi haishiki vizuri kwenye meno yaliyoathirika sana kama kwenye meno ya wengine. Huyo daktari ameshatibu watu wa Arumeru, au ndiyo anajifunzia kwako?

Ushauri wangu ni uanze na kisichokata. Ukisugua, ukang'arisha, ukaziba hayo mawili, na bado moyo hauridhiki, vinia zipo, hazikimbii. Ukianza na kuchonga, hayo mengine huwezi tena kuyarudia. Sendofu isikuharakishe. Wiki tatu kabla ya shughuli si wakati wa kuamua jambo la miaka 40, na yule mpiga picha wa Fredi anapaka kila mtu weupe hata usipomuomba.

Na Baraka... hilo nilitaka kuliacha. Halafu nimeona nisiliache. Alikuona Sabasaba unacheka bila mkono, mimi nilikuwepo, na huyo ndiye aliyeomba namba. Kama sasa yeye ndiye aliyesema kitu, niambie, tuzungumze habari tofauti kabisa.

Panda basi Ijumaa. Jumatatu tutakwenda KCMC, ile hospitali ya Moshi, wana idara ya meno na wagonjwa wa aina yetu ni wa kila siku, usikie neno la pili kabla hujalipa arbuni. Au umeshalipa? Kiasi gani, na risiti unayo? Amekupiga picha ya eksirei au ameangalia kwa macho tu? Amekwambia kwa kinywa chake kama ni vinia au kofia? Wazo la meno kumi limetoka kwako au kwake? Mkopo wa kazini umeshasaini? Na mama yako anajua, au niendelee kujifanya sijui nikikutana naye kanisani?

Nijibu kabla ya Jumapili, Mama Neema anafunga daftari. Ukija, njoo na hotpoti yangu ya bluu, ile ndogo. Najua iko kwako.

Wako,
Upendo