Hela ya Kupima Gari Linalochemsha

Lalamiko la wateja wa gereji yetu ni lile lile: "Mmenitoza hela ya kupima, kumbe ni mfuniko wa rejeta tu!" Ni kweli, ulikuwa mfuniko tu wa rejeta, kile kifaa cha mbele kinachopoza maji ya injini. Ila Corolla 110 hiyo ilikuwa imeshawekewa rejeta na wota pampu (pampu inayozungusha maji) kwingine, na bado ikachemsha. Spea mbili zimenunuliwa kwa kubahatisha, na hakuna aliyelalamikiwa kwa hilo.

Watu huuchukulia mfuniko kama kizibo cha chupa. Una vali mbili. Kubwa yenye springi hubana presha, na kwenye Toyota nyingi za injini ya 4A, 5A na 7A utakuta umeandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba. Ndogo ya katikati huruhusu maji yarudi kutoka chupa ya akiba injini inapopoa. Kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Springi ikilegea, yanachemka kwenye nyuzi 100 hapa Dar es Salaam, na karibu 95 ukifika Iringa. Ndiyo maana gari linazunguka Kariakoo wiki nzima bila shida, halafu linafuka mvuke mlima Kitonga. Na ukikuta mpira wa juu wa rejeta umenywea asubuhi, vali ndogo imekwama: chupa ya akiba imejaa, rejeta ina upungufu, na wewe unaangalia chupa na kuridhika.

Kupima kwenyewe huanza injini ikiwa baridi kabisa. Rejeta inajazwa hadi shingoni, inafungwa pampu ya mkono yenye geji, presha inapandishwa hadi ile iliyoandikwa kwenye mfuniko. Haizidishwi, kwa sababu tangi la plastiki la miaka ishirini linapasuka kirahisi. Kisha tunasubiri dakika 15. Geji ikishuka, tochi inaanza kazi: pale plastiki ya rejeta ilipobanwa na aluminiamu, klipu za mipira, bomba la chuma linalopita nyuma ya injini (hili huliwa na kutu bila mtu kuliona), na kitundu kidogo cha wota pampu. Maji ya moto hukauka kabla hayajadondoka, kwa hiyo tunachotafuta mara nyingi ni ukoko mweupe au wa pinki, wala si tone. Wota pampu ya injini hizi huzungushwa na mkanda wa nje, si wa taimingi, ila puli yake hutolewa mkanda wa taimingi unapobadilishwa. Mkanda wa taimingi ukibadilishwa, pampu inayovuja isiachwe, la sivyo utalipia sehemu ya kazi ile ile mara mbili.

Zulia likilowa upande wa abiria, usikimbilie kusema hita imetoboka. Chovya kidole. Maji ya kiyoyozi hayana rangi wala harufu, ni mrija wake umeziba. Koolanti (maji ya rejeta yenye dawa) inateleza na ina harufu tamu tamu.

Geji ikishuka na nje pakavu, maji yanaingia ndani. Tunatoa plagi zote: ile iliyo safi kama mpya kuliko wenzake ndiyo silinda yenye shida. Halafu kuna dawa ya bluu inayowekwa shingoni mwa rejeta injini ikiunguruma. Ikigeuka njano, moshi wa silinda unapenya kwenye maji, na hapo gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) au hedi yenyewe imekwisha. Usisubiri oili iwe kama chai ya maziwa. Gasketi nyingi huungua na oili ikabaki safi.

Kama hakuna uvujaji, tunauliza gari linachemka lini. Kwenye foleni tu, na likikimbia linapoa: ni feni. Washa swichi ya gari, chomoa waya wa swichi ya joto ya feni. Kwenye Toyota hizi feni inatakiwa izunguke hapo hapo. Isipozunguka, tatizo ni mota, rilei au fyuzi. Likichemka barabara kuu na milimani, rejeta imeziba.

Sasa lile la "toa themostati, gari lipoe." Themostati ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Kwenye Toyota nyingi themostati ina kifuniko cha pili chini yake kinachoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Milimani ndiyo inachemka zaidi! Kwenye mwendo mwepesi inabaki baridi mno, kompyuta inaongeza petroli, na mwenye gari anakuja kulalamikia ulaji wa mafuta. Kuipima ni sufuria, maji na kipimajoto: inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikirudishwa, kile kidude kinachochezacheza ukingoni mwake kielekee juu, hewa ipite.

Mfumo wa Corolla hizi unachukua karibu lita 5 na nusu. Maji yote yakimwagwa kisha zikaingia tatu na nusu tu, usifunge na kuondoka: kuna hewa ndani. Maji ya kisima ya hapa Dar yana chumvi, yanakula hedi ya aluminiamu na kuacha magamba kwenye rejeta. Dawa za kuziba uvujaji nazo huziba vijia vyembamba vya rejeta na hita kabla ya tundu lenyewe.

Hedi iliyopinda zaidi ya milimita 0.05 inakwenda kuskimiwa (kukwanguliwa mashineni iwe bapa), kisha gasketi mpya, oili mpya, koolanti mpya. Linganisha bili hiyo na hela ya kupima, ambayo tunaikata ukitengeneza hapa.

Ukileta gari, lilale hapa usiku ili lipoe. Usiongeze maji asubuhi hiyo, na useme ukweli kama uliwahi kutia dawa ya kuziba.