Kipindi cha Jumamosi: nahau za meno

Habari zenu wapendwa. Kipindi chetu cha Kiingereza cha Jumamosi kimesogezwa hadi saa 11 jioni badala ya saa 9, hapa hapa kwa simu ya video.

1. Kila mmoja aje na nahau moja ya meno na sentensi aliyoitunga mwenyewe. Tafadhali msitafsiri neno kwa neno! "Long in the tooth" ni kuzeeka: ufizi wa farasi mzee hurudi nyuma, meno yakaonekana marefu.
2. Someni Ayubu 19:20. Hapo ndipo ilipotoka "by the skin of your teeth", yaani kuponea chupuchupu. Naipenda mno hii.

Naomba mthibitishe kabla ya Ijumaa saa 2 usiku: andika "nipo" na nahau uliyochagua, tusije tukarudia nahau ileile.